Bamba la ukuta linalochomolewa: kwa nini silimwagi bila nondo

Hapa Goma wengi humwaga mabamba ya kuchomoa, yaani ya zege yanayopachikwa kwenye mifereji ya nguzo za ukuta na kutolewa tena, bila chuma, kwa hoja kwamba hayabebi paa. Mimi naweka nondo katika kila bamba. Likishatulia kwenye mifereji ya nguzo halina shida kubwa. Kinacholivunja ni kubebwa, na hili la kuchomoa hubebwa mara nyingi.

Langu lina urefu wa mita 2, kimo cha sentimita 50 na unene wa 5, karibu kilo 120. Likibebwa limelala, limeshikwa ncha mbili tu, tumbo la chini linavutwa, na zege halipendi kuvutwa. Likisimama kwa ubavu, mvuto huo unashuka hadi sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo siku ya kulitoa kwenye kofraje (ukungu wa mbao) ninaliinua pamoja na ubao wake wa chini mpaka lisimame. Kama ni lazima lilale, mikono ishike sentimita 40 kutoka kila ncha.

Nondo ni za milimita 6: tatu za urefu, na za kukatiza kila sentimita 25, zote zimefungwa kwa waya. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni wavu kulazwa moja kwa moja juu ya ubao. Chuma kinabaki usoni, mvua inakifikia, kutu inavimba na kubandua zege. Ninamwaga kwanza vijiwe vya simenti na mchanga vya sentimita 2 na kuuweka wavu juu yake, ukae katikati ya unene, kwa sababu bamba huweza kugeuzwa na kusukumwa upande wowote.

Mchanganyiko ni 1:2:3 (simenti, mchanga, kokoto), maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50. Kokoto nyepesi za volkano hupunguza uzito, lakini zinanyonya maji: zilowesheni kabla. Bamba linyweshwe siku 7, lisipandishwe ukutani kabla ya 14. Mfereji wa nguzo kwa bamba hili la sentimita 5 uwe sentimita 6 na nusu. Ukibana, watu watatumia mtarimbo na kona zitamegeka.

Bamba la chini linalozuia udongo ni jambo jingine. Hilo nalifanya sentimita 7, nondo za milimita 8, zikae karibu na uso wa nje, ule usioguswa na udongo, maana huko ndiko linakovutwa. Naliandika “NJE” kwa rangi, lisirudishwe kinyume.

Na tetemeko likija, kama tulivyotikiswa Mei 2021, bamba lenye nondo likipasuka vipande vyake hubaki vimeshikana, havimwangukii mtoto aliyekaa chini ya ukuta.