Kamera ya tumbo isiwe mateso
Wenzangu wa chumba cha endoskopi, tusiwaharakishe wagonjwa. Ukishapuliza lignokeini ya 10%, dawa ya ganzi, nyuma ya koo (kila mpulizo ni miligramu 10), subiri dakika 2 au 3. Usiposubiri, kamera ikigusa tu koo mgonjwa anaanza kujikakamua kutapika.

Midazolamu, dawa ya kusinzisha, iingie mshipani polepole: mtu mzima aanze na miligramu 2 hadi 2.5, mzee 0.5 hadi 1. Hapa ndipo tunapokosea sana. Dawa inachelewa kidogo kukolea, mtu anaongeza nyingine, kisha zote zinakolea pamoja na pumzi inashuka. Oksijeni iwe puani, kipimo chake kidoleni, na flumazenili, dawa ya kuzima nguvu ya midazolamu, iwe karibu.

Alale ubavu wa kushoto, kidevu kikielekea kifuani, mate yatiririke kwenye taulo, akiyameza yatampalia. Na muuguzi mmoja akae kichwani kwake, mkono begani, amwambie taratibu: “Vuta kwa pua, toa.” Kwangu mimi hilo halina mbadala.

Kabla ya kutoa kamera, fyonza hewa yote tumboni. Asile wala kunywa mpaka ganzi ya koo iishe, na asiendeshe gari kwa saa 24.