Mwaka mzima na sufuria la umeme, chumba kimoja Ngamiani

Nilipohamia Tanga kikazi nilipata chumba Ngamiani, ghorofani, kwenye nyumba ambayo mkaa haupandi ngazi. Anayetaka kuwasha jiko ashuke uani. Mimi hurudi saa mbili usiku, nimechoka. Nikanunua sufuria la umeme la kupikia wali, dogo, la wati 500. Tangu hapo, mwaka sasa, ndilo jiko langu.

Wiki ya kwanza nilikula wali mbichi juu, umeungua chini. Mchele haukuwa na kosa. Kosa ni kwamba nilimimina tui zito tangu mwanzo, kama tulivyozoea kwetu. Baadaye ndipo nikaelewa chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Chini, katikati, pana kitufe cha springi chenye sumaku. Maji yakiwa bado yamo, joto halipandi sana kupita nyuzi 100. Yakikauka linapanda, sumaku inalegea, swichi inaruka. Yaani sufuria halijui kama wali umeiva. Linajua maji yamekwisha, basi. Tui zito huganda chini, pakapata moto mapema, swichi ikaruka na punje za juu bado ngumu.

Siku hizi naweka mchele kikombe kimoja na tui jepesi kikombe kimoja na nusu, na chumvi. Swichi ikiruka namwagia kasimele, yaani lile tui zito, juu, nafunika, naacha robo saa kwenye joto dogo la kutunzia chakula. Wali unatoka umechambuka, na harufu ya nazi inafika hadi kwenye ngazi. Kwa nusu saa ya kupika, wati 500 ni robo uniti tu ya umeme, nami nilikuwa naogopa LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, bure.

Mchuzi una tabia nyingine. Hapo maji hayaishi, kwa hiyo swichi hairuki, na ukijisahau samaki anakuwa uji. Jumamosi hununua samaki aina ya changu kule soko la Deep Sea. Kukaanga kitunguu kwanza nilishindwa, maana bila maji swichi inaruka kabla hakijabadilika rangi, na ukiibonyeza haishiki mpaka chuma kipoe. Sasa naweka vyote pamoja: kitunguu, nyanya, bizari, kitunguu saumu, mafuta kidogo na tui jepesi. Vikichemka dakika 15 natia samaki, dakika kumi nyingine, kisha naipandisha swichi kwa mkono. Kasimele naitia hapo, kwenye joto dogo, pamoja na ndimu. Kwenye mkaa lazima ukoroge usiache, tui lisikatike. Hapa halichemki, kwa hiyo halikatiki. Kwa jambo hili moja nalipenda sufuria hili kuliko jiko lolote.

Mihogo ya nazi ni vivyo hivyo. Kunde huziloweka usiku, nazipika mfuniko ukiwa wazi kidogo kwa sababu ya povu. Povu likifurika likashuka ndani kwenye umeme ni hatari, na sufuria la ndani lazima lifutwe nje likauke kabla ya kulirudisha.

Kilichonisumbua zaidi ni mkate wa kumimina. Mchele umelowekwa usiku kucha, nimeusaga kwa tui zito, nikatia hamira, sukari na hiliki, ukaumuka vizuri. Nikapaka mafuta, nikamimina, nikabonyeza. Dakika chache tu swichi ikaruka. Uji ule ni mzito, chini panashika moto upesi. Nikasubiri dakika kumi, nikabonyeza tena, nikasubiri tena, mara nne. Ukaiva, lakini juu ulikuwa mweupe kabisa. Nikampelekea mama mwenye nyumba kipande.

"Shikamoo mama. Nimekuletea mkate, uuonje."

"Marahaba mwanangu." Akautazama kabla ya kuutia mdomoni. "Huu haukupaliwa moto juu."

Nikamweleza kwamba moto uko chini tu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ugeuze. Ukishakaza, uweke kwenye sahani, uurudishe kifudifudi." Jumapili iliyofuata nikafanya hivyo, nikabonyeza mara mbili zaidi. Ukapata wekundu pande zote mbili. Kati ya vyote nilivyopika humu, huo ndio ulionifurahisha zaidi.

Ugali nimeuacha. Sufuria la ndani ni jepesi, linazunguka ukisonga, na mwiko unakwaruza ule utando wake mweusi. Nikiutamani nashuka uani na bakuli la mchuzi wa changu, mama anasonga dona kwenye mkaa, tunakula pamoja.