Pasaka ya 2015, TV ya Kuka na king'amuzi kilichokaa kabatini

Wenye mlikuwa na wazee kijijini mwaka wa 2015 mnakumbuka vile TV kuhama kutoka analogi kwenda dijitali kuliwapata. Maneno yote yalikuwa yanaamuliwa Nairobi, Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wa kesi ya kuhama huko Februari, zile stesheni kubwa za binafsi zikapotea hewani karibu wiki tatu, zikarudi, halafu kufika mwisho wa Machi analogi ikawa imezimwa hadi huku kwetu. Watu waliambiwa wanunue king'amuzi, sawa, lakini mengi ya hayo matangazo yalipitia kwa TV hiyohiyo, haraka haraka, na hakuna mtu aliketi chini na mzee akamwelezea kwa nini TV yake nzima, haijaanguka, haijaungua, inaamka siku moja haina kitu. Hiyo ilinikera na bado inanikera.

Kwetu ni upande wa Kimilili, Bungoma. Kuka, ndio babu kwa lugha yetu (nyanya ni Kukhu), alifanya kazi kiwanda cha karatasi cha Webuye miaka mingi, akastaafu kabla hakijafungwa 2009, na TV aliinunua na pesa za kazi hiyo, Great Wall ya inchi 14, ile isiyo na rangi, inatumia betri ya gari ya volti 12. Stima haikuwa imefika boma letu, wakati huo kuunganishiwa ilikuwa elfu 35 na hiyo pesa ni ng'ombe mzima kwenda sokoni. Kwa hivyo ni betri, na betri ikiisha inafungwa kwa baiskeli inapelekwa kuchajiwa kwa posho mill, baadaye ndio tukapata kasola kadogo kwa paa.

Baba mdogo alikuwa amenunua king'amuzi tangu Februari, zile za kulipia mara moja tu usidaiwe tena kila mwezi. Kikakaa kabatini. Fundi aliyeitwa aliangalia nyuma ya TV akasema hii haiwezi, haina pa kuchomeka zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, nunueni TV mpya, akalipwa nauli akaenda zake. Kuka akasema TV ni nzima na yeye hatupi kitu kizima. Watu wa nyumbani wakasema mzee ni mgumu. Mimi naona alikuwa anasema ukweli, TV ilikuwa nzima.

Sasa Alhamisi ya Aprili 2 ndio ile siku magaidi walishambulia Chuo Kikuu cha Garissa. Nilikuwa nafanya kazi Nakuru, nilikuwa nimepanga kwenda nyumbani Pasaka, na hiyo Alhamisi Kuka akanipigia simu mwenyewe, yeye ambaye huwa anangoja apigiwe. Huniita papa kwa sababu nimepewa jina la babake. Akaniambia papa, redio inasema watoto wa chuo wameuawa, idadi inapanda kila saa, na sisi hapa tunasikia tu hatuoni, hata mama wa jirani amekuja kukaa na kukhu yako kwa sababu binti yake yuko chuo na simu haishikwi. Si Garissa, huyo binti alikuwa chuo kingine kabisa, lakini mwambie hivyo mama ambaye mtoto wake hashiki simu siku kama hiyo.

Nikamuomba Kuka ageuze TV aniambie kuna matundu mangapi nyuma. Akaniambia moja, la antena. Basi nikajua. Jioni hiyo nikapitia duka la vifaa hapo Nakuru mjini nikachukua modyuleta, kaboksi kadogo tu kanachukua picha na sauti kutoka kwa king'amuzi kanazigeuza ziingie TV kupitia tundu la antena, TV inadhani imepata stesheni ya kawaida. Hakikuwa kitu cha bei. Nikachukua pia antena ya UHF, ile ya vijiti vifupi vingi, kwa sababu ile tuliyokuwa nayo kwa mti ilikuwa ya mikono mirefu ya KBC ya zamani, na dijitali yote inakuja kwa UHF.

Ijumaa Kuu nikasafiri. Matatu kutoka Nakuru mpaka Eldoret watu hawakuongea, ilikuwa redio tu na mtu hapa na pale akisema Mungu wangu. Kufikia hapo ilishajulikana ni zaidi ya watu 140 wamekufa, mwishowe ikawa 148, wengi wao wanafunzi.

Jumamosi asubuhi baada ya chai tukaanza kazi. Kuunganisha haikuchukua muda, king'amuzi kilikuwa cha volti 12 na modyuleta pia, nikakata waya nikaweka vile vibanio vya betri, nikazungusha kile kidude cha kutafutia stesheni cha TV polepole mpaka menyu ya king'amuzi ikatokea. Kuka akasimama karibu sana na kioo. Shida ilikuwa antena.

Zamani ukigeuza antena, mtu ndani anaona chenga zinapungua, anapiga kelele hapo hapo, umepita, rudisha, na unarudisha. Dijitali haiendi hivyo. Picha iko au haiko, na kati ya kugeuza na kuonekana kuna sekunde kadhaa, kwa hivyo wakisema hapo wewe ushapita zamani. Tulihangaika na hiyo kitu mimi nikiwa kwa ngazi, baba mdogo ameshika mti, watoto wa boma wamejaa mlangoni kila mmoja anapiga kelele yake, mpaka nikashuka nikafungua ule ukurasa wa nguvu ya mawimbi wenye mistari miwili inayopanda na kushuka, nikamuita Kukhu. Nikamwambia usiangalie maandishi, angalia huu mstari wa chini, ukirefuka na ukae, niite, ukicheza cheza nyamaza. Watoto wote wakanyamazishwa. Nageuza kidogo, nahesabu pole pole mpaka tano, nangoja. Nageuza tena. Kukhu hakuharakisha hata mara moja, na aliposema "imekaa" ilikuwa imekaa kweli, tukafunga antena na waya ya kufungia kuni, tukaskani, stesheni zikaanza kuingia moja baada ya nyingine.

Saa moja jioni taarifa ya habari. Nyumba ilijaa, wengine walikuja na viti vyao. Tukaona wazazi Nairobi wakingoja kujua habari za watoto wao, tukasikia Rais ametangaza siku tatu za maombolezi. Mama wa jirani alikuwa ameshaongea na binti yake Ijumaa usiku lakini alikuja tu, na alilia kuliko sisi wote. Kuka akamwambia Kukhu awashe taa nyingine ili watu waonane. Baada ya taarifa mzee wa kanisa akaomba, akataja kila kaunti aliyoikumbuka.

Jumapili baada ya kanisa ndio tukaingia kwa mambo ya rimoti, na hapa nataka kusema kitu. Watu wanasema wazee wanaogopa hivi vitu. Kukhu hakusoma sana lakini M-Pesa anatuma mwenyewe, nambari yake ya siri haijui mtu, anajua salio lake kabla simu haijamwambia. Huyo mtu haogopi nambari. Kinachomshinda ni menyu, maandishi madogo ya Kizungu yenye kurasa ndani ya kurasa, na hata mimi sijui kwa nini chaneli inabidi ipitie huko. Kwa hivyo menyu tukaiacha kabisa. Nikamfundisha kubonyeza nambari ya stesheni moja kwa moja, na Kuka, ambaye mwandiko wake ni mzuri kushinda wangu, akaziandika kubwa kubwa nyuma ya kalenda ya kanisa, stesheni na nambari yake, akaitundika kando ya TV.

Kilichokuwa kigumu kwa Kuka ni kingine. Miaka yote alibadilisha stesheni kwa kuzungusha kile kidude cha TV, mkono unaenda wenyewe, na sasa akikigusa tu kila kitu kinapotea maana TV inatakiwa ikae mahali pamoja, kazi yote inafanywa na king'amuzi. Picha ilipotea mara kadhaa hiyo Jumapili. Tukakifunga hicho kidude na selotepu, akaridhika, akasema hivyo ni sawa, mlango usiotumika unafungwa. Halafu akaniuliza swali ambalo yule fundi hakuwahi kulifikiria, betri itabeba hivi vitu vitatu siku ngapi? Nikamwambia ukweli kwamba itaisha mapema kuliko kwanza, na kwamba ukizima na rimoti king'amuzi bado kinakula kidogo, kwa hivyo usiku wabanue waya kwa betri kabisa. Akapenda hiyo. Akapanga taarifa ya saa moja kila siku, mpira wikendi, mengine yangoje jua.

Jumatatu nilikuwa narudi Nakuru. Mvua za Aprili kule kwetu huja na radi mbaya na sasa tulikuwa na chuma juu ya mti mrefu na waya inayoingia sebuleni, sikutaka kuondoka bila hiyo kueleweka. Nikawaambia mkiona wingu limesimama upande wa Mlima Elgon, msingoje ngurumo ifike, zimeni, chomoeni antena, mtupe ile waya nje ya dirisha. Kukhu akarudia mbele yangu huku anachomoa kweli. Kuka akasema hapana, betri inatangulia antena. Kukhu akasema antena ndio inaleta radi kwa nyumba, betri inaleta nini? Wakabishana, mimi nikasema Kukhu ako sawa, Kuka akasema basi iandikwe pia kwa kalenda, akaenda kutafuta kalamu, na pikipiki ya kunipeleka steji ilikuwa tayari inapiga honi kwa lango.