Muhogo wa Shangazi

Ramadhani ya mwaka 2009 ilinikuta nikifundisha shule ya msingi wilayani Mkuranga, mkoa wa Pwani, na nilikuwa nikiishi kwa shangazi yangu. Siku moja, alipokwisha kukuna nazi ya futari, alinituma nikang'oe shina la muhogo nyuma ya nyumba. Lilikuwa shina refu, majani yake ya juu mabichi kabisa, lakini kisu kilipopita kwenye mzizi wa kwanza kilikutana na madoa ya kahawia, makavu na magumu. Tuling'oa mashina matano, yote yakawa vivyo hivyo. Jioni ile tulifuturu kwa tambi, na shangazi akaniomba nisimwambie mtu, kwa kuwa alihofia majirani wangesema ameshindwa kulima.

Jambo lisiloniacha hadi leo ni kwamba jawabu lilikuwa likipita mbele ya mlango wetu kila siku ya gulio. Bibi wa mwanafunzi wangu mmoja, mkazi wa kitongoji cha pili, alikuwa akiuza muhogo mweupe pe, nami nilikuwa nimeununua mara nyingi bila kumuuliza lolote. Nilipomuuliza, alishangaa, maana alidhani kila mkulima anayajua anayoyajua yeye.

Wiki mbili baada ya Idd, mvua za vuli zikiwa zinakaribia, nilimshawishi shangazi twende kwake, na njiani tukampitia bwana shamba. Bibi alitutandikia jamvi, lakini shangazi hakukaa. Alifungua pindo la kanga, akatoa kipande cha muhogo alichokikata asubuhi ile, akamkabidhi bila kusema neno. Bibi alikigeuza juani, kisha akasema, "Ndio huu, mwanangu. Hata mimi ulinimalizia shamba zima." Hapo ndipo shangazi aliposhusha pumzi na kuketi.

Shambani bibi hakuanza na mbegu, alianza na majani. Alituinamisha tuyatazame yale ya chini, yaliyokomaa, ambayo yalikuwa na umanjano uliofuata mishipa ilhali ya juu yalikuwa safi, na ndiyo maana mwenye shamba hudanganyika tangu siku ya kupanda mpaka siku ya kung'oa. Kisha akafukua kwa mikono shina la aina ya Kiroba, akaikata mizizi yake yote vipande vipande mbele yetu, na alipoiona yote ni meupe ndipo akakata pingili za mbegu kutoka shina hilo hilo. Shina lenye mzizi mmoja tu wenye doa, alisema, yeye hulichoma moto.

Nilihofia kwamba bwana shamba angetaka kumsahihisha, lakini aliuliza maswali mengi na kuandika majibu katika daftari lake. Baadaye alieleza kuwa huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaosababishwa na virusi na uliokwisha kuelezwa na wataalamu hapa Tanganyika tangu mwaka 1936. Kwamba huenezwa na nzi weupe, lakini wanaoufikisha mbali ni sisi wenyewe, kwa pingili tunazopeana. Na kwamba Kiroba huuvumilia tu, haiukatai, hivyo kuchagua mbegu ni kazi ya kila msimu. Habari ya nzi ilikuwa mpya kwa bibi, ambaye miaka yote alikuwa ameulaumu udongo na kuhamahamisha shamba. Aligeuza jani, wakaruka mfano wa unga uliopulizwa, naye akabaki amelishika jani lile kwa muda mrefu.

Tulirudi magharibi, shangazi akiwa na mzigo wa pingili kichwani. Tulipofika kwenye mwembe wa njia panda alisimama, akaniambia kwamba jirani yetu wa upande wa kisima naye amekuwa akificha muhogo wake, kwa hiyo tupitie kwake kwanza kabla giza halijaingia.