Mguu wa marumaru wa Ai Khanoum

Jamani hii picha imenikaa kichwani wiki nzima. Ni kipande tu cha mguu wa kushoto, marumaru nyeupe, mkubwa kuliko wa mtu wa kawaida, umevaa makubazi, na ukiangalia vizuri kwenye ngozi ya kiatu utaona wamechonga radi yenye mabawa. Radi ndo alama ya Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki.

Sasa huu mguu haukutoka Ugiriki, umetoka kaskazini mwa Afghanistan, Ai Khanoum, pale mto Kokcha unapoingia Amu Darya. Mfalme Zahir Shah alikuwa kwenye mawindo huko mwaka 1961 akakuta kichwa cha nguzo kimechongwa Kigiriki kabisa, basi Wafaransa wakaja kuchimba chini ya Paul Bernard mpaka 1978, wakafukua mji mzima wa Wagiriki waliobaki huko baada ya Aleksanda Mkuu, mfalme wa Makedonia aliyeteka nchi hizo.

Kinachonigusa mimi ni hekalu lenyewe, lile mguu ulimopatikana. Ungetegemea nguzo kama za Athens, kumbe ni kuta nene za matofali mabichi, kama ya nyumba ya bibi yangu ambayo kila masika lazima ikandikwe upya, limekaa juu ya jukwaa la ngazi tatu na kuta za nje zina vishubaka, ujenzi wa Mesopotamia, yaani Iraki ya kale, kabisa. Nyuma yake wakakuta vyungu vimefukiwa ardhini, vya kumiminia sadaka. Ndani ya hekalu kulikuwa pia na sahani ya fedha iliyopakwa dhahabu, mungu mama Cybele yuko kwenye gari linalovutwa na simba, juu yake jua, mwezi na nyota. Na lile sanamu lenye huu mguu, miguu na mikono ndo marumaru, mwili ulikuwa udongo tu, na wapo wataalamu wanaosema huenda watu wa pale walimwona Zeus na Mithra, mungu wa Waajemi, kuwa ni yule yule. Naamini hivyo, maana mtu anayejenga hekalu kwa udongo wa kwa jirani lazima ameshakaa na jirani akasali naye.

Vita ilipoanza mji ukachimbwachimbwa na wezi, inaniuma sana, ukiangalia picha za juu ni mashimo matupu. Mguu wenyewe uliibiwa makumbusho ya Kabul, ukaishia Japani, wakautunza huko miaka mingi mpaka 2016 ukarudishwa nyumbani, na makubazi yake.