Ile 17 haikuwa 2017: nilivyoamua kubadili mkanda wa taimingi wa RAV4 yangu

Nilipoinunua RAV4 hapa Tanga, ile old model ya milango mitano yenye injini ya 3S-FE, kitu cha kwanza nilichotaka kujua ni mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, yaani ule mkanda wa raba ambao krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) inautumia kuzungusha kemshafti (shafti inayofungua valvu). Aliyeniuzia hakujua, naye aliinunua kwa mtu. Nikaanza kuuliza mafundi, na majibu niliyopewa yalinichosha. Mmoja ananiambia, "Bosi, hiyo subiri mpaka ikatike." Mwingine anasema gari likitoka Japani limeshafanyiwa kila kitu. Hili gari lina miaka mingi nchini, huyo Mjapani wa kulifanyia kila kitu yuko wapi?

Aliyenikera zaidi ni fundi mmoja wa Ngamiani, kwa sababu kwenye breki ni fundi mzuri kweli na watu wanamsikiliza. Alifungua boneti akanionyesha stika ndogo kwenye kava la mkanda. Maandishi ya Kijapani, kisha tarakimu za kalamu: 17, 6, 20, na chini yake 91,400 km. "Unaona? Umebadilishwa 2017. Endesha gari."

Sikukubali. Gari ni namba C, na kadi inasema lilisajiliwa nchini 2013. Sasa stika ya gereji ya Japani ya mwaka 2017 ilibandikwa na nani, wakati gari liko Tanzania mwaka wa nne? Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema labda Wajapani walikosea kuandika.

Hawakukosea. Wajapani, pamoja na kalenda hii yetu, huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza Januari 1989 na kuisha Aprili 30, 2019. Kesho yake ikaanza Reiwa. Kwenye stika za gereji wanaanza na mwaka, na mara nyingi wanaandika namba ya mwaka wa enzi tu, pengine na H mbele yake. Kama ni Heisei, unachukua namba unajumlisha 1988. Kama ni Reiwa, unajumlisha 2018. Ile 17 ni 2005! Nikafungua mlango wa dereva kutafuta ushahidi wa pili, nikaukuta kwenye nguzo ya mlango: stika ya oili, imepauka lakini inasomeka. 24, na kilomita 138,000 na kitu. Jumlisha 1988 unapata 2012, mwaka mmoja kabla ya kadi. Kila kitu kikakaa mahali pake, na juu ya hapo nikapata uhakika fulani kwamba mita haikuchezewa, maana kilomita zinapanda vizuri kutoka stika hadi stika hadi dashibodi. Nilijivunia ugunduzi huo na bado najivunia.

Dashibodi ilikuwa imeshapita 187,000. Toa 91,400, zinabaki karibu 96,000. Toyota wanataka mkanda wa injini hii ubadilishwe kila kilomita 100,000, kwa hiyo anayeangalia kilomita peke yake atakwambia bado kidogo. Lakini raba inazeeka hata gari likiwa limeegeshwa, na huu ulikuwa umevuka miaka kumi na mitano. Hapo sikuuliza mtu tena.

Kuna hoja moja niliyoisikia kila gereji: "3S haikunji valvu." Kwa 3S-FE ni kweli. Mkanda ukikatika, valvu hazigongani na pistoni. Unafunga mwingine unaondoka. (Ukiwa na injini ya 3S-GE usijidanganye, hiyo zinagongana. Na RAV4 za petroli zilizokuja baada ya 2000 zinatumia cheni, hadithi yake ni nyingine.) Lakini mimi kwetu ni Lushoto. Mkanda ukikatika injini inazima papo hapo, usukani unakuwa mzito, na breki ukishazikanyaga mara chache pedali inakuwa ngumu. Litokee hilo kwenye kona za Soni unateremka Mombo, watoto wako nyuma. Uzima wa valvu utakusaidia nini?

Kazi nilimpa mzee mmoja wa Makorora. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mkanda peke yake sifungi." Wota pampu inazungushwa na mkanda huo huo, kwa hiyo ikivuja baada ya miezi unafungua upya na kulipa upya. Akaniandikia: mkanda, wota pampu, beringi zote mbili za mkanda, sili za krenki na kemshafti. Duka la kwanza walinipa mkanda tukaulaza juu ya ule wa zamani, haukulingana urefu. Nikaurudisha. Jumla ilikuwa laki tatu na ushei, ufundi ndani yake.

Ule wa zamani, kava la juu lilipofunguliwa, ulionekana mzima kabisa: mweusi, maandishi yake bado yanasomeka. Kwa kuangalia hivyo, fundi yeyote angesema bado upo. Mzee alipoutoa akaukunja kwa vidole, meno yakiwa nje. Kwenye shina la kila jino ukafunguka ufa mwembamba kama uzi, na ukingo mmoja ulikuwa umelowa oili iliyotoka kwenye sili ya krenki. Chini ya wota pampu, kwenye lile tundu dogo linaloonyesha pampu ikianza kuvuja, kulikuwa na utando wa kulenti (maji ya kupozea injini) iliyokauka.

Akiisha kufunga hakupiga stata. Aliizungusha krenki kwa spana, raundi mbili kamili, akaangalia alama zote za taimingi zimerudi mahali pake ndipo akaniruhusu kuwasha. Krenki inazunguka mara mbili kemshafti ikizunguka mara moja, ndiyo maana raundi moja haitoshi. Fundi asiyefanya hivyo mbele yako, muombe afanye.

Sasa shemeji yangu amenunua Toyota Surf ya dizeli, injini ya 1KZ, taa ya T-BELT (ya mkanda wa taimingi) inawaka, na aliyemuuzia amemwambia ni taa tu. Taa ile inahesabu kilomita, haiuoni mkanda: mtu anaweza kuizima bila kubadili chochote, na anaweza kubadili akasahau kuizima. Kwenye 1KZ mkanda ukikatika valvu zinagonga pistoni. Nimemwambia asiivushe Pongwe mpaka mzee wa Makorora aifungue.