Sentensi nne ambazo sikuzisoma

Jumamosi usiku, saa tano na ushee, kioo cha kompyuta yangu kilikuwa cheusi tii, maandishi meupe yamejipanga kutoka juu hadi chini. Mstari mmojawapo wa mwisho ulisema: Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0). Taa ya Caps Lock inapepesa. Jumatatu saa sita mchana nilitakiwa kukabidhi tafsiri ya kurasa 62, na kurasa zote 62 zilikuwa humo ndani.

Mashine haikuharibika yenyewe. Niliiharibu mimi, kwa hatua.

Nilikuwa natumia Ubuntu 20.04, mfumo wa kuendesha kompyuta, toleo lililotoka Aprili 2020. Namba zao ni mwaka na mwezi tu. Muda wa kawaida wa kuipatia marekebisho ya usalama ulikuwa unakwisha mwisho wa Mei 2025, na hiyo ilikuwa wiki ya tatu ya Mei. Nikaona nipande kwenda 22.04. Nilinunua bando kubwa, nikawasha hotspoti ya simu, nikafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na kuandika sudo do-release-upgrade, amri ya kupanda toleo. Ikahesabu, ikafikiri, ikakataa. Ikasema sehemu inayoitwa /boot haina nafasi ya kutosha, inahitaji kama MB 150 zaidi.

Nikasoma "haina nafasi", nikaishia hapo. Nikaingia kwenye folda ya video na kufuta filamu zote za mume wangu, GB 30 na kitu. Nikarudia amri. Ikakataa vilevile, kwa idadi ileile ya megabaiti. Hapo mtu mwenye akili timamu angejiuliza inakuwaje nimefuta GB 30 na upungufu wa MB 150 uko palepale. Mimi nilikasirika.

Jibu ni kwamba /boot ni chumba cha peke yake. Diski yangu nimeifunga kwa nywila yote nzima, kwa sababu nyaraka za wateja si zangu. Lakini kompyuta haiwezi kuwaka kutoka kwenye diski iliyofungwa bila kuwa na mahali padogo palipo wazi pa kuanzia, na mahali hapo ndipo /boot. Kwangu ni kama MB 700 tu. Kila toleo jipya la kerneli, yaani kiini cha mfumo, linapoingia huweka humo mafaili yake, na moja kati ya hayo, linaloitwa initrd, peke yake lina makumi ya megabaiti. Kwa kawaida mfumo huondoa kerneli za zamani wenyewe wakati wa kujisasisha. Mimi nilizima masasisho ya moja kwa moja zamani sana ili yasininyonyee bando, nikawa nasasisha kwa mkono kila nikikumbuka. Kerneli tano zilikuwa zimerundikana mle. Na ule ujumbe wa kukataa, ningeusoma hadi mwisho, ulikuwa umeniandikia dawa yake kabisa: sudo apt autoremove. Maneno matatu.

Badala yake nikaamua kuzunguka mlango. Nilijua kwamba orodha ya mahali Ubuntu inapochukua programu zake ni faili la kawaida tu, na kwamba 20.04 humo inaitwa focal na 22.04 inaitwa jammy. Nikabadilisha neno moja kuwa jingine faili zima, nikapiga apt update, kisha apt full-upgrade, amri za kuleta programu mpya zote. Njia hii haina yule bawabu anayekagua nafasi. Ikapakua, ikaanza kusakinisha, mistari inashuka kama mvua ya masika, nami nikaenda kukaanga mihogo.

Niliporudi ilikuwa imesimama na kulalamika: No space left on device. Kwa haraka nikaingia /boot na kufuta kwa rm mafaili yote ya initrd ya kerneli za zamani. Nafasi ikapatikana. Nikawaza, si kerneli mpya ipo? Nikawasha upya.

Initrd kazi yake ni kama ya mlinzi anayekaa nje ya geti na funguo. Kerneli inapoamka haina kitu mkononi. Haijui nywila inaombwaje wala diski inafunguliwaje. Initrd ndiye anayekuuliza nywila, anafungua, kisha anaondoka zake. Kerneli mpya haikupata mlinzi wake kwa sababu nafasi ilikwisha kabla hajatengenezwa. Wa zamani nilikuwa nimewafukuza mwenyewe.

Jumapili asubuhi nikaibeba mashine hadi kwa fundi mmoja mjini. Aliiwasha, akatazama mistari ile kwa sekunde tatu.

"Dada, hapa tupige window upya. Elfu ishirini, saa moja unaichukua."

"Na mafaili yangu?"

"Mafaili si yanaondoka, dada. Hukuwa na bakapu?"

Nilikuwa nayo, ya Jumatano. Kati ya Jumatano na Jumamosi kulikuwa na kurasa 19. Nikaichukua mashine yangu, nikakaa kwenye kibaraza cha duka la jirani yake, nikampigia shemeji, mdogo wake mume wangu, anayelisha familia kwa kutunza seva huko Dar.

"Shem, pole. Umeshaformat?"

"Bado."

"Hapo umenifurahisha. Haya, nisomee kilichoandikwa."

Nikaanza kumweleza kwamba imekufa, ni nyeusi, fundi kasema.

"Hapana, shem. Nisomee. Si unatafsiri Kiingereza kila siku? Nitafsirie huo mstari."

Nikiwa pale kibarazani, mama anayeuza vitumbua ananitazama, nikamtafsiria: kerneli imetaharuki, imeshindwa kupachika mfumo mkuu wa mafaili, kifaa hakijulikani, sifuri, sifuri. Nilipofika "hakijulikani" nikaelewa mwenyewe. Haisemi diski imekufa. Inasema haijui diski ni ipi.

Akanielekeza kwanza nijaribu kuwasha kwa kerneli ya zamani: bonyeza Esc mara tu mashine inapowaka, ingia Advanced options, chagua ya chini. Kwa watu wengi mambo huishia hapo, maana kerneli ya zamani huwa haijaguswa na ukishaingia unatengeneza mengine kwa raha. Kwangu kila niliyochagua ilisema faili la initrd halikuonekana. Nikalazimika kumwambia kuhusu ile rm. Alikaa kimya kidogo. "Shem," akasema, basi.

Njia iliyobaki ni flashi. Rafiki yangu mwenye Windows alinipakulia faili la Ubuntu 22.04 na kulichoma kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Ukiwashia flashi hiyo unachagua kujaribu Ubuntu bila kuisakinisha, na unapata mashine nzima inayofanya kazi juu ya flashi, diski yako imelala pembeni haijaguswa. Nikabofya diski yangu kwenye orodha ya mafaili, ikaomba nywila, nikaiandika, ikafunguka. Folda zangu hizo hapo. Kurasa 62. Kabla ya jambo lolote nilizinakili kwenye diski ya nje, kisha nikazinakili tena kwenye simu, kisha nikanywa chai.

Kuanzia hapo kazi ni kuingia ndani ya mfumo uliokufa kwa kupitia ule ulio hai. Unapachika diski kuu kwenye /mnt, unapachika /boot na sehemu ya EFI, inayosaidia kuwasha mashine, mahali pake, unaunganisha folda za mfumo za /dev, /proc, /sys na /run, halafu unaandika chroot /mnt. Tangu hapo kila amri unayotoa inafanya kazi kana kwamba umewasha mashine yako yenyewe. Nikapiga dpkg --configure -a, ambayo huendeleza usakinishaji ulioishia njiani. Ilichukua kama dakika ishirini. Ikatengeneza initrd ya kerneli mpya, 5.15, bila kulalamika. Ndivyo nilivyodhani.

Nikawasha upya. Haikuomba nywila. Ikangoja, ikangoja, mwishowe ikaandika kwamba /dev/mapper/vgubuntu-root, yaani sehemu kuu ya diski yangu, haipo, ikanitupa kwenye alama ya (initramfs) yenye kishale kinachopepesa. Ilikuwa saa mbili usiku, Jumapili.

"Kulikuwa na onyo lolote wakati inatengeneza?" shemeji akauliza.

Nikasema hapana. Akasema rudi kwenye flashi, rudia, usome. Nikarudia hatua zote, na safari hii nikaleta kiti karibu. Katikati ya mistari mingi ya kawaida ulikuwepo mmoja: cryptsetup: WARNING: target 'luks-', halafu msururu mrefu wa herufi na namba, not found in /etc/crypttab. Nilikuwa nimeuona mara ya kwanza. Niliuacha kwa sababu uliandikwa onyo, haukuandikwa kosa.

Hiki ndicho kipengele ambacho ningependa mtu anayehangaika na diski iliyofungwa akikute mapema kuliko nilivyokikuta. Ukifungua diski kwa kubofya, Ubuntu ya kwenye flashi huipa jina la kujibunia, luks- na namba zake. Lakini ndani ya mfumo wako, faili la /etc/crypttab linaijua kwa jina jingine. Kwangu ni sda3_crypt. Initrd inapotengenezwa inatazama diski iliyo wazi inaitwaje, inalitafuta jina hilo kwenye crypttab, ikilikosa inahitimisha kwamba hakuna haja ya kubeba vifaa vya kufungulia. Yaani nilikuwa nimempata mlinzi, nikamsimamisha getini, funguo hana.

Kwa hiyo safari ya tatu sikubofya kitu. Niliandika cryptsetup open /dev/sda3 sda3_crypt, jina lilelile herufi kwa herufi, kisha vgchange -ay ili sehemu za ndani zionekane, ndipo nikapachika na kuingia chroot kama mwanzo. Nikaanza na apt autoremove --purge, ile dawa ya tangu Jumamosi. Kerneli nne za zamani zikaondoka na /boot ikapumua. Nilitaka kuandika update-initramfs -u -k all. Shemeji akanikatiza, akasema taja kerneli moja kwa jina, ukitengenezea zote utajaza tena. Nikaitaja ile ya 5.15. Nikasoma kila mstari uliotoka, kwa sauti, simu ikiwa kwenye spika, mume wangu akinishangaa kutoka mlangoni. Hakuna onyo. Nikamalizia na update-grub, inayoandika upya menyu ya kuwashia, nikatoka, nikachomoa flashi.

Saa nne kasoro dakika kumi ukatokea ule mstari mwembamba wa zambarau unaoomba nywila. Nilikosea kuiandika mara mbili kwa kutetemeka.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Hazina za programu za nje zilihitaji kurekebishwa moja moja, maana kwa njia yangu ya mkato bawabu hakuwepo kunizimia, na printa ilibidi niiongeze upya. Kurasa zilikuwa sawa zote. Nililala saa tisa, nikakabidhi Jumatatu saa tano na nusu.

Mwezi uliofuata, toleo la 24.04 liliponikaribisha, niliandika kwanza df -h /boot, nikaona imetumika asilimia 31, ndipo nikamwachia bawabu afanye kazi yake. Alipita bila neno. Kuhusu filamu, mume wangu anaamini kwamba ni kerneli ndiyo iliyozila, na shemeji, anayeujua ukweli, huwa anabadilisha mada.